Kijumba cha Nne

2 Machi

Daftari hili lilikuwa la mume wangu. Alikuwa fundi wa miwani, na kila ukurasa una safu mbili: jicho la kulia, jicho la kushoto. Kajaza kurasa kumi na moja, zilizobaki ni tupu. Kazi yangu mimi ni kusahihisha maandishi ya watu wengine kwenye kiwanda cha uchapaji, siyo kuandika ya kwangu. Lakini leo mvua imeanza, nina hasira, na mtu niliyezoea kumwambia hasira zangu hayupo. Basi nitaziandika kwenye safu zake.

Hasira yenyewe ni hii. Nimerudi kazini nimelowa chapachapa, nimepanda ngazi za ghorofa tatu, nikaingia chumbani nikajilaza kidogo. Kidogo tu, hata viatu sijavua. Mara: "Mwanangu! Njoo unipeleke dirishani."

Huyo ni mama mkwe wangu. Alikuja kwenye msiba wa mwanawe mwezi wa Oktoba, akasema atakaa wiki mbili. Hii ni Machi. Macho yake hayaoni vizuri na miguu, anasema, imemgomea. Nikampeleka dirishani. Akataka shali. Nikampa shali, akataka nimweleze nje kuna nini. Nikamwambia nje kuna mvua.

Shemeji, mdogo wake marehemu, amepiga simu. Mvua zikiisha na barabara ya kwao ikipitika, atakuja na gari kumchukua mama. Kwake hakuna ngazi. Nikamjibu hakuna haraka, nikakata simu, nikahesabu kwa vidole: Machi, Aprili, Mei.

3 Machi

Mvua. Ameniita mara sita.

5 Machi

Nimetoa simu ya marehemu kabatini nikafunge laini yake. Nilipoiwasha tu ikalia. Ujumbe ulitoka kwenye lile Jukwaa lake la mtandaoni, ambako watu wa kawaida wanaandika mdudu gani kamfanya nini mwenzake: nani kamla nani, nani kamtembelea nani, nani anaishi mgongoni kwa nani. Miaka sita alikuwa akipiga picha na kuandika. Mimi nilikuwa nauita umbeya wa wadudu.

Ujumbe ni wa mtu anayejiita Utando, mmoja wa wahakiki wao. "Lenzi Kuukuu, habari za siku nyingi. Mvua zimeanza. Yule nyigu wa dirishani kwenu amerudi?"

Lenzi Kuukuu ndiye mume wangu. Utando hajui.

Nilikaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa. Kuna neno moja ambalo sijawahi kuliandika mahali popote. Kwenye fomu za msiba alijaza shemeji. Nikaandika "Bado", nikatuma. Hata laini sikuifunga.

7 Machi

Amerudi. Wa kwanza kumjua ni mama mkwe, tena kwa sikio. "Kuna kitu kinaimba kwenye fremu." Nikasema ni jokofu. Akasema jokofu anaijua sauti yake. Nikafungua dirisha: nyigu mweusi, kiuno chembamba kama uzi, anapachika donge la udongo kwenye kona ya juu, na kila anapolipachika anavuma.

Nikapiga picha. Sijui kwa nini.

8 Machi

Fomu ya Jukwaa ni rahisi. Kiumbe wa kwanza, uhusiano, kiumbe wa pili. Chini kuna sehemu ya maoni. Nimejaza ya kwanza kwa jina la marehemu. Nyigu alileta buibui mdogo wa kijani, hai lakini hatikisiki, akamsokomeza kwenye kijumba. Mama mkwe alitaka kila kitu: miguu mingapi, kashikwaje, kaingizwa kichwa au tako. Nilipomaliza kumweleza, saa nzima ilikuwa imepita.

12 Machi

Kijumba cha kwanza kimejaa, kimezibwa. Buibui kumi na mmoja.

13 Machi

Nimempigia dada yangu simu nikiwa jikoni. Nimemwambia nampenda mama mkwe kama ipasavyo, lakini ukitaka kukaa na huzuni yako dakika tano anakuita umtafutie kitana. Nikasema, nahesabu siku mvua ziishe. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Sidhani kama alisikia.

17 Machi

Kazini wakati wa chakula nimetoka nje badala ya kukaa mezani. Nyuma ya kiwanda kuna kichaka chenye maua ya manjano. Nimeandika matukio manne. Msimamizi ameniona nimepiga magoti na simu, akauliza kama nimepoteza hereni. Nikamwambia ndiyo. Akapiga magoti akanisaidia kutafuta, maskini, mpaka kengele ikalia.

Tangu msiba wananitendea hivyo. Novemba niliruhusu kijitabu kizima cha hesabu kitoke na ukurasa uliopinduliwa juu chini, na hakuna aliyenikaripia. Nilitamani mtu anifokee.

22 Machi

Vijumba vinne vimekamilika. Nyigu amevipaka udongo mwingine juu, sasa vinaonekana donge moja, lakini sisi tunajua kila kimoja kilipo. Mama mkwe amenitaka nimshike mkono, akavigusa kwa kidole kimoja. "Huyu hakusomea ujenzi," akasema, "na nyumba yake haivuji." Ya kwetu inavuja jikoni, nikaelewa nimetumwa nikamwone fundi.

29 Machi

Mvua ya mawe. Donge limebaki.

6 Aprili

Naamka kabla saa haijalia siku hizi. Nimefikisha matukio arobaini na saba. Sisimizi na vidukari, nyuki na maua, kenge mdogo na panzi. Wanasema kila tukio linaingia kwenye ramani kubwa ya nani anamtegemea nani, na watafiti wanaitumia. Mimi niliyesahihisha vitabu vya watu miaka ishirini na mbili, leo nami nina kazi yenye jina langu. Kwa kweli ina jina la marehemu, lakini mkono ni wangu.

Mama mkwe huniuliza kila jioni, "Leo nani kakutana na nani?" Namsomea. Akilala mapema, nakosa wa kumsomea.

11 Aprili

Nataka niandike haya kwa utaratibu.

Nimerudi, nikavua viatu, nikampeleka mama dirishani kabla hajaniita, nikawasha simu. Ujumbe wa Utando ulikuwa mrefu:

"Lenzi Kuukuu, nisamehe. Nimekawia kuhakiki kazi yako kwa sababu siku zote huwa haina kasoro. Leo nimepitia matukio yote tangu Machi. Arobaini na moja kati ya arobaini na saba yamegeuzwa. Umeandika buibui anamwinda nyigu. Umeandika panzi amemla kenge. Umeandika ua linamtembelea nyuki. Kwa miaka sita hukuwahi kugeuza hata moja. Sikuandikii kukusahihisha. Nauliza tu, u mzima?"

Masikio yaliwaka moto. Nilifungua matukio moja baada ya jingine, na ni kweli. Kiumbe wa kwanza mimi nilidhani ni yule niliyemwona kwanza! Ua nililiona kabla ya nyuki, basi nikalitanguliza. Buibui nilimwona mdomoni kabla sijamtazama nyigu mwenyewe. Wala si kwamba maelekezo hayapo. Yameandikwa juu ya fomu kwa herufi nene: anza na anayetenda. Msahihishaji wa miaka ishirini na mbili hakusoma maelekezo.

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza. "Umenyamaza vibaya."

Nikamsomea. Nilipofika kwenye panzi aliyemla kenge akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! "Na ua," akasema, "ua lilibisha hodi kwa nyuki, au lilijiingilia tu?" Hapo nami nikashindwa. Tulicheka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake, na katikati ya kicheko nikajikuta nalia, naye analia, tumeshikana mikono kama tunavuka barabara. Nyumba hii ilikuwa haijasikia kicheko tangu Oktoba.

Tulipotulia akajifuta na pindo la shali. "Huyo mtu anauliza kama mwanangu ni mzima."

"Ndiyo, Mama."

"Mjibu."

"Siwezi kuliandika."

"Na mimi siwezi kulisikia," akasema. "Liandike, nami nitalisikia. Tulimalize."

Nikaandika nikitamka kila neno. "Mwenye jina hili alifariki mwezi wa Oktoba, kwa moyo, akiwa dukani kwake. Mimi ni mkewe. Makosa arobaini na moja ni yangu. Nitayasahihisha." Nikatuma. Mama alikuwa amefumba macho. Akasema, "Haya. Sasa nipe maji."

Safari hii nilinyanyuka bila kununa.

12 Aprili

Utando amejibu.

"Pole sana, dada. Pole kwa nyumba nzima. Sitasema mengi, ila kuna kitu pengine hujakiona. Tazama sehemu ya maoni kwenye matukio haya tisa."

Akaorodhesha namba tisa. Nikazifungua. La kwanza ni la miaka mitano iliyopita, kipepeo kwenye kamba yetu ya nguo. Chini yake marehemu ameandika: "Aliyemwona kwanza ni mke wangu, anayedai hapendi wadudu." Na la pili hivyo hivyo, na la tatu, mpaka la tisa, maneno yale yale bila kubadilisha nukta. Kumbe kila niliposema toa huyu mdudu wako hapa, alikwenda kuniandika.

Sikwenda kazini. Nimewaambia naumwa. Naumwa kweli.

13 Aprili

Nimesahihisha kumi na tano.

15 Aprili

Nimemaliza yote arobaini na moja. Msimamizi amenifokea kwa kuchelewesha kurasa za mitihani. Nimemshukuru. Amenitazama sana.

24 Aprili

Mvua imekata siku tatu. Shemeji kapiga simu, sauti yake ina furaha. Barabara inakauka, mwisho wa Mei atakuja. "Umebeba mzigo peke yako, shemeji," akasema. Nikataka kusema kitu, nikasema salamu kwa watoto.

26 Aprili

Kijumba cha kwanza kina tundu. Nyigu kijana alisimama kwenye fremu, mabawa yamekunjamana, akajisafisha uso kwa mkono kama mtu aliyechelewa kazini, akaruka. Mama alishangilia. Nimeliandika vizuri, na anayetenda nimemtanguliza.

29 Aprili

Cha pili.

8 Mei

Leo umeme umekatika kiwandani saa tano, tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Mvua ilikuwa imerudi kwa kishindo kwa hiyo sikusikika kwenye ngazi. Nikafungua mlango polepole nisimwamshe.

Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kigoda.

Mtu ambaye miguu imemgomea! Amesimama wima juu ya kigoda, mkono mmoja kwenye fremu, mwingine umeshika lenzi ya marehemu, anachungulia donge la udongo huku anaimba chinichini. Nyuma yake meza imefutwa. Nguo zangu za kazi, zile ninazodhani kila wiki nimezipiga pasi mwenyewe nikasahau, zimepangwa kwenye kiti, na pasi bado ina moto.

Nikasema, "Mama."

Hakuanguka. Alishuka taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine, akaketi juu ya kigoda chenyewe. "Umewahi," akasema.

Nilikasirika, nakiri. Miezi saba! Maji, shali, kitana, nipeleke dirishani, nirudishe kitini. Mgongo wangu unauma kwa kumwinua. Nilimwambia yote hayo kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mzazi. Nikamwambia amenidanganya, amenifanya mtumishi ndani ya nyumba yangu, tena kipindi ambacho hata kujibeba mwenyewe nilikuwa siwezi.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ulikuwa unalala na viatu," akasema.

Sikuelewa.

"Ile wiki ya tatu baada ya msiba. Ulikuwa ukirudi kazini unalala na viatu mpaka asubuhi, halafu unakwenda kazini na nguo zile zile. Nilikuambia inuka ule. Nilikuambia inuka uoge. Hukunisikia. Siku moja nikajikwaa hapo mlangoni, nikapiga kelele, ukaja mbio. Ukaniinua, ukanipa chai, na kwa kuwa chai ilikuwapo ukanywa nawe. Nikasema, alaa, kumbe huyu akiambiwa simama hasimami, ila akiitwa anakuja." Akajikuna goti. "Basi nikawa naita."

"Kila siku?"

"Kila ulipofunga mlango wa chumba."

Nilikaa sakafuni pale pale, mkoba bado begani. Nikakumbuka siku zote nilizoandika kwenye daftari hili kwamba ameniita. Sikumbuki hata moja ambayo aliniita nikiwa jikoni napika au natazama simu yenye wadudu. Na tangu Aprili ameniita mara ngapi? Nimerudi nyuma kurasa kuhesabu. Karibu hakuna.

"Na nilikusikia ukiongea na dada yako," akasema. "Usitazame chini, sikukasirika. Mimi pia nilikuwa nahesabu. Nilisema nitahesabu mpaka utakapocheka, halafu niende zangu. Umecheka. Shemeji yako akija nitakwenda naye."

Nilitaka kusema usiende. Badala yake nikamwambia asipande tena kigoda peke yake. Nina mdomo wa ajabu mimi.

9 Mei

Kijumba cha tatu kimefunguka, na aliyetoka siye tuliyemngoja. "Kuna kitu cha kijani," mama alisema kabla mimi sijageuza kichwa, yeye asiyeona. Mdudu mfupi anayeng'aa kijani na buluu. Utando anasema ni nyigu wa aina nyingine: mama yake alipenyeza yai kwenye nyumba ya mwenzake, na mtoto akala kilichokuwamo, mwenye nyumba akiwemo.

"Mwizi," nikasema.

"Naye ana mama yake," akasema mama mkwe. Nikaandika uhusiano kama ulivyo, kwa utaratibu unaotakiwa, bila kumtukana.

16 Mei

Mama anapiga pasi mchana kweupe siku hizi, bila kujificha. Anapiga vizuri kuliko mimi. Mkoba wake ameutoa uvunguni akauweka juu ya kiti.

20 Mei

Nimemuuliza Utando kuhusu kijumba cha nne. Amejibu kwamba kwa siku zilizopita hakitafunguka tena, kilichomo kimekufa. Tunaweza kukivunja tuone kilikuwa nani.

Nimemsomea mama.

"Tusikivunje," akasema.

"Hapana, tusikivunje," nikasema.

27 Mei

Hakuna mvua. Jua kali. Sina la kuandika. Uongo: ninalo, ila nimelibeba wiki tatu na halitoki.

30 Mei

Shemeji aligonga saa nne. Mama alinitangulia mlangoni, kwa miguu yake, akamfungulia mwenyewe. Shemeji alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Mama! Miguu?"

"Imepatana na mimi," akasema mama. "Ingia, chai ipo."

Alifurahi mpaka akasahau kukaa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, mtu mwema kabisa, macho yamelowa. "Shemeji, umemtunza mama mpaka amesimama. Sisi ndugu hatuna cha kukulipa. Sasa pumzika." Akainama akauchukua mkoba.

Miaka ishirini na mbili nimeshika kalamu nyekundu. Sentensi iliyogeuzwa naijua, siku hizi naijua kuliko mwanzo.

"Shemeji, si hivyo," nikasema. "Si mimi niliyetunza. Mimi ndiye niliyetunzwa. Nilikuwa nalala na viatu." Alinitazama bila kuelewa, nami nikaona hata akielewa haitasaidia, kwa sababu mtu wa kuambiwa hakuwa yeye. Nikamgeukia mama. "Mama, usiende. Siumwi, nakula, nacheka, naamka mwenyewe. Sina sababu ya kukuita. Nataka tu ubaki."

Mama mkwe aliiweka chini birika. Aliweka mkono kwenye shavu langu, akaupitisha mpaka kidevuni, taratibu, kama siku ile alipogusa vijumba. Kisha akageukia dirisha.

"Mwanangu," akamwambia shemeji, "leo siwezi kuondoka. Kuna kijumba kimoja hakijafunguka."

Shemeji alikwenda dirishani na mkoba wa mama mkononi, akainua kichwa, akalitazama donge la udongo lenye matundu matatu. "Hiki? Kitachukua muda gani?"

Mama alinitazama mimi, maana ndimi ninayesoma majibu ya wahakiki.

"Muda mrefu, shemeji," nikasema. "Labda mvua zijazo."

"Au zile za baada yake," akasema mama. "Hawa viumbe hawana haraka."

Shemeji akawaza kidogo. Kisha akaurudisha mkoba chumbani mwenyewe, akaja akanywa chai vikombe viwili.

Walipokaa kuongea habari za watoto, nilichukua simu nikajaza tukio jipya. Kijumba cha nne, kimezibwa, tunangoja. Kwenye sehemu ya maoni nikaandika: "Tunaongoja ni wawili. Aliyemwona nyigu kwanza ni mama mkwe wangu, anayedai haoni."